Kurudisha mikoko iliyokufa: anzeni na maji, mche baadaye

Picha ya siku ya kupanda mikoko ni ileile karibu kila pwani. Maji yamekupwa, watu wamevaa fulana za rangi moja, na kila mmoja anachomeka mbegu kwenye tope lililo wazi mbele ya msitu. Ukirudi hapo baada ya masika mawili, mara nyingi unakuta tope tu. Waliopanda hawakukosea namna ya kuchomeka. Walipanda mahali ambapo mikoko haijawahi kuota. Tope la mbele huchaguliwa kwa kuwa halina mwenyewe na linafikika, lakini bahari hulifunika saa nyingi mno kwa siku. Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, maeneo 23 yaliyopandwa mikoko yalikaguliwa miaka kadhaa baadaye, na 9 kati yake hayakuwa na mche hata mmoja ulio hai.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha kijiji chenye kipande cha robo hekta hadi hekta chache, kwenye pwani ya Kenya, Tanzania bara au Visiwani. Sehemu kubwa ya kazi iko kabla ya kupanda, na ikifanywa vizuri huenda msipande kabisa.

Ruhusa kwanza

Kenya, mikoko ni msitu wa serikali uliotangazwa tangu 1932 na unasimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Kikundi kinatakiwa kiwe ndani ya chama cha misitu cha jamii, kile watu wanachokiita CFA, chenye mkataba wa usimamizi chini ya Sheria ya Misitu ya 2016. Tanzania bara mikoko ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na Zanzibar mnakwenda idara ya misitu. Ombeni kwa maandishi, mkitaja kila kazi: kuchimba mfereji, kukusanya mbegu, kuondoa miti mikavu, kuweka kitalu. Watu husahau kutaja mfereji, halafu ndio unaoleta mgogoro, maana kuchimba ndani ya hifadhi bila ruhusa ni kosa hata kama nia ni njema.

Kwa nini ilikufa?

Kaeni na wavuvi wakongwe na akina mama wanaookota kombe na chaza. Waulizeni mambo matatu: msitu ulisimama hadi wapi, ulianza kukauka mwaka gani, na mwaka huo kulitokea nini. Kisha nendeni mkaangalie wenyewe.

Mkikuta visiki vimekatwa kwa panga au msumeno na maji bado yanaingia na kutoka, tatizo ni ukataji. Hapa jueni tofauti moja muhimu. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, ukikatwa huchipua kisikini, lakini mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, ukikatwa shina nene haurudi. Visiki vya mchu havihitaji mche mpya. Vinahitaji kuachwa, na baada ya mwaka mmoja kupunguziwa machipukizi yabaki mawili au matatu yenye afya.

Miti ikiwa imekauka wima, yote pamoja, bila alama ya panga, tafuteni kizuizi cha maji. Inaweza kuwa barabara iliyojengwa bila kalvati, tuta la mashamba ya chumvi, au mdomo wa mkondo uliozibwa na mchanga. Upande mmoja wa kizuizi mtakuta ardhi ina ukoko mweupe wa chumvi na nyufa, au kinyume chake, maji yametuama na yananuka mayai yaliyooza. Kwenye mabwawa ya samaki au chumvi yaliyoachwa, maji yenye rangi ya kutu yanaonyesha kwamba udongo wa mikoko uliochimbwa na kukaushwa umegeuka kuwa na tindikali. Huo husafishwa na bahari yenyewe kuingia na kutoka kwa muda mrefu. Mche ukipandwa kabla ya hapo utaungua.

Sababu nyingine ni udongo wa juu kushuka kwa wingi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwenye hori (mkono wa bahari) la Mwache, Mombasa, na mikoko ikafa kwa eneo kubwa. Mchu na mlilana, aina nyingine ya mikoko, hupumua kwa vile vijiti vinavyochomoza kutoka topeni, na vikifukiwa mti unakosa hewa. Ikiwa mto bado unashusha udongo kila masika, kazi yenu ya kwanza iko huko juu mashambani kwenye matuta na kingo za mto. Kupanda mdomoni mwa mto ni kupoteza mbegu.

Kupima kimo cha ardhi

Hiki ndicho kipimo kinachoamua kila kitu, na hakihitaji mtaalamu. Mikoko huishi kwenye nusu ya juu ya eneo la maji kujaa na kupwa, kuanzia karibu na usawa wa kati wa bahari hadi mwisho wa bamvua kubwa, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwa jumla, mahali panapofunikwa na maji zaidi ya theluthi moja ya muda wote si pa mikoko. Ndani ya mkanda huo kila aina ina daraja lake, na tofauti ya sentimita 20 au 30 inatosha kuua.

Tafuteni msitu mzima ulio karibu, kwenye hori hilohilo, uwe kielelezo chenu. Siku ya bamvua isiyo na upepo, wakati wa kupwa, simikeni vijiti vyenye alama za kila sentimita 10: vitano au sita msituni, kimoja kila mahali aina ya mti inapobadilika, na vingine kumi hivi vilivyotawanywa eneo mnalotaka kurudisha. Andikeni namba ya kila kijiti na mti ulio hapo. Maji yakijaa hadi kikomo na kusimama, watu wawili wapite kwa mtumbwi wakisoma kina kwenye kila kijiti. Maji ya mwisho husimama muda mfupi tu, kwa hiyo gaweni vijiti kwa mitumbwi miwili kama eneo ni kubwa.

Sasa linganisheni. Tuseme msituni, mkoko wa mbele kabisa ulisimama kwenye kina cha sentimita 110, na mkandaa, aina nyingine ya nyuma yake, ulianzia sentimita 40. Kwenye eneo lenu, kijiti namba 4 kimesoma 70: hapo ni pa mkoko. Namba 7 kimesoma 25: ni pa mkandaa au mchu. Namba 9 kimesoma 160: hapo ni tope la wazi, acheni. Uzuri wa njia hii ni kwamba hamhitaji kujua urefu kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa uso wa maji yaliyojaa ndio levo yenu. Msifuate saa ya jedwali la bandari. Ndani ya hori maji huchelewa kujaa kuliko bandarini.

Palipozibwa na tuta njia hii haifanyi kazi, kwa kuwa maji hayafiki. Tumieni mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule mafundi ujenzi wanaopimia levo, wa mita 15 hivi. Ujazeni maji, toeni mapovu yote (povu moja tu huharibu kipimo), kisha hamisheni levo kutoka kijiti hadi kijiti.

Fungueni njia ya maji

Kwenye tuta, kateni pale mkondo wa zamani ulipopita. Utaonekana kama bonde dogo linalopinda, na picha za setilaiti za simu huuonyesha vizuri. Tundu moja pana mahali sahihi lina faida kuliko matundu matano yaliyotawanywa, kwa kuwa maji yanayotoka kwa nguvu hujisafishia njia. Chimbeni hadi usawa wa mkondo wa nje, msiishie nusu, la sivyo maji yataingia wakati wa bamvua na kubaki ndani. Udongo mliotoa msiurundike kando ya mfereji. Hilo ni tuta jipya. Utawanyeni mbali, au mjaze mashimo yaliyo chini mno.

Mfereji ufuate mpindo wa asili. Ulionyooka kama wa shamba la mpunga hukimbiza maji na kumomonyoa kingo. Chini ya barabara, kalvati ndogo huziba kwa taka na matawi msimu mmoja tu, kwa hiyo dai la kalvati kubwa liende kwenye halmashauri au kaunti mapema, kabla barabara haijakarabatiwa.

Baada ya hapo, subirini. Watu hawapendi kusikia hivyo, hasa mfadhili akitaka idadi ya miche. Lakini kama kuna msitu wenye mbegu jirani na maji yanapita, mbegu zitaelea na kujipanda zenyewe kwa gharama ya bure. Pisheni masika moja kamili, kisha hesabuni. Mkikuta mche mmoja au zaidi kwa kila mita za mraba 4, kazi yenu ni kulinda tu. Mkikuta sehemu tupu, pandeni hizo tu.

Mti gani wapi

Pwani ya Kenya ina aina 9 za mikoko, lakini kwa vikundi vingi zinazohusika ni tano. Kutoka baharini kwenda nchi kavu: mlilana hutangulia mbele, kisha mkoko, halafu muia (wengine huuita msinzi), mkandaa, na mchu nyuma. Mchu ni mkorofi kidogo, maana huonekana pia mbele kabisa pamoja na mlilana, kwa hiyo msishangae. Mkomafi na msikundazi hupenda kando ya mito na palipo na maji baridi. Msitu wenu wa kielelezo ndio unaoamua, hata kama orodha hii inasema vingine.

Mkoko hupandwa kila mahali kwa sababu moja tu: mbegu yake ni kubwa na rahisi kuchomeka. Ukiupanda kwenye daraja la mchu, juu panapofikiwa na bamvua tu, utadumaa kwa chumvi na kukauka kiangazi.

Mbegu

Kile kinachoning'inia kwenye mkoko kama bamia ndefu ya kijani ni mche tayari, umeota ukiwa bado juu ya mama. Ukomavu wake uko kwenye shingo. Pale bamia inapokutana na kofia ya kahawia, hutokea pete ya rangi ya manjano. Zungusha taratibu, na ikichomoka yenyewe imekomaa. Ikihitaji kuvutwa, iache. Kofia ikiwa bado imeshika, msiing'oe kwa nguvu, maana ndani yake mna chipukizi la majani. Zilizoanguka zinafaa pia mradi ziwe ngumu mkononi. Tupeni yoyote yenye kitundu kidogo kama cha sindano kinachotoa unga, maana hiyo ina mdudu ndani na itakufa ikiwa imeshapandwa.

Mkandaa una pete ileile, ila mbegu yake ni nyembamba, sentimita 15 hadi 25, yenye mifuo. Mchu hutoa mbegu bapa yenye ngozi laini ya kijivu-kijani inayogeuka manjano. Ilazeni usiku mmoja kwenye maji ya hori, ngozi ivuke yenyewe, na muipande ndani ya siku mbili tatu kwa sababu ikikauka imekufa. Mlilana una tunda la mviringo lenye mbegu ndogo nyingi, na hulowekwa hadi lioze ndipo mbegu zitoke. Kwa kikundi kipya, mlilana uachieni bahari.

Bebeni mbegu kwenye magunia yaliyolowa, zilale kivulini, kamwe zisiachwe juani ndani ya mtumbwi. Mbegu za mkoko na mkandaa zikikaa kivulini siku 5 hadi 7 kabla ya kupandwa, hupoteza utamu na kaa huzipenda kidogo. Huu ni ujanja rahisi unaookoa mbegu nyingi palipo na kaa wengi.

Kiasi: nusu hekta ni mita za mraba 5,000. Kwa nafasi ya mita 1.5 kwa 1.5, kila mche huchukua 2.25, kwa hiyo mnahitaji kama 2,220. Ongezeni robo ya akiba, mfikie 2,800. Msikusanye zote chini ya miti mitatu. Tembeeni msitu mzima.

Kitalu, kama kinahitajika

Mkoko huchomekwa moja kwa moja. Kitalu kinafaa kwa mchu, na kwa mkandaa au muia palipo na kaa wengi au mawimbi. Kiwekeni mahali panapofikiwa na maji yakiwa yamejaa vizuri, ili bahari iwasaidie kumwagilia, na siku ambazo maji hayafiki mmwagilie ya hori. Tuta la upana wa mita 1 linafikika kutoka pande zote mbili. Viriba vya sentimita 10 kwa 15 vijazwe tope la msituni, si udongo wa bustani. Kivuli cha makuti kikae wiki za mwanzo, kisha kipunguzwe kidogo kidogo hadi mwezi wa mwisho miche iwe juani kabisa. Mche uliolelewa kivulini hadi siku ya kupandwa huungua.

Baada ya miezi 3 au 4 mchu na mkandaa huwa tayari. Siku ya kupanda, hesabuni viriba mlivyotoka navyo na mlivyorudi navyo. Kiriba kilichoachwa topeni kitamnyonga mche mwingine.

Siku ya kupanda

Masika ni wakati mzuri kwa kuwa mvua hupunguza chumvi ardhini. Kwa daraja la chini, la mkoko, anzeni bamvua linapoisha na maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo, yanaingia: mawimbi hayana nguvu na mbegu hupata siku kadhaa za kushika. Daraja la juu, la mkandaa na mchu wa nyuma, pandeni siku moja au mbili baada ya bamvua kufika, tope likiwa bado limelowa.

Fungeni kamba yenye fundo kila mita 1.5. Mbegu ya mkoko ina ncha nene iliyochongoka na ncha nyembamba yenye chipukizi. Nene huenda chini. Linaonekana jambo dogo, lakini siku ya wageni wengi mtakuta safu nzima imepandwa kichwa chini. Zamisheni theluthi moja: mbegu ya sentimita 40 iingie 13 hivi. Ikizidi huoza, ikipungua huelea. Tope likiwa gumu, toboeni kwanza kwa kijiti. Mbegu ikigongwa huvunjika ngozi na kuoza. Bana tope kuizunguka kwa vidole, uijaribu kwa kuivuta kidogo. Mbegu ya mchu haizikwi, inakandamizwa tu nusu yake ishike tope.

Swali la kufungia miche kwenye vijiti huulizwa sana. Mahali ambapo mche wa mkoko hauwezi kusimama bila kijiti, mawimbi ni makali mno, au mko chini ya daraja lake. Rudini kwenye vipimo.

Watu 15 wanatosha kwa nusu hekta, kwa siku mbili tatu za kupwa. Watu 100 wanakanyaga zaidi ya wanavyopanda.

Yanayoua miche, na namna ya kuyaona

Wiki za mwanzo mbegu husimama tu kama kijiti na watu hudhani imekufa. Ikwaruze kwa ukucha: chini ya ngozi pakiwa kijani, iko hai.

Mwani ukijizungusha kwenye mche huuvuta chini, kwa hiyo uondoeni kwa mkono wakati wa kupwa. Vile vidudu vya gamba jeupe vinavyoganda kwenye ngalawa vikiganda na kwenye shina, kuvikwangua huchubua ngozi, na vikiwa vingi vinawaambia kwamba mahali ni pa chini mno. Mche uliokatwa safi karibu na ardhi ni kazi ya kaa. Uliong'atwa majani juu ni mbuzi au ng'ombe, na kwa Lamu ongezeni ngamia, hasa kwenye mchu. Kwa mifugo, ua wa fito upande wa nchi kavu unasaidia, ila mapatano na wenye mifugo ni bora kuliko ua. Wavuvi wa juya wanahitaji kuonyeshwa mipaka kabla ya kupanda, na njia yao ya mitumbwi iachwe wazi.

Wekeni viwanja vitatu vya mita 10 kwa 10 vya kuhesabia, kila kimoja kikiwa na miche 44 hivi. Hesabuni mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka hadi wa 5. Mkibakiwa na chini ya nusu mwezi wa 6, msipande tena mbegu za kuziba mapengo mpaka mjue kiini. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kupanda mara tatu palepale penye kifo kilekile.

Kuni na boriti zitatoka wapi?

Mikoko ilijenga nyumba za pwani hii, na boriti zake zilibebwa kwa majahazi hadi Omani na Ghuba kwa karne nyingi, mpaka Kenya ilipozuia kuuza nje 1982. Mahitaji hayakuisha kwa katazo. Kijiji kinachochoma chokaa, kukaanga samaki na kuezeka kwa fito kitaendelea kukata, na mkikaza ulinzi hapa watahamia hori la jirani. Pandeni mvinje kwenye ardhi ya juu, mita 2 kwa 2, mwaka uleule mnaoanza kazi ya mikoko, maana huchukua kama miaka 4 au 5 kutoa nguzo za kujengea.

Kuhusu fedha za hewa ya ukaa, yaani malipo ya kaboni ambayo msitu unaihifadhi, mfano unaotajwa daima ni Mikoko Pamoja wa Gazi na Makongeni, Kwale, ulioanza mwaka 2013 kwa hekta 117. Kabla ya hapo kulikuwa na utafiti wa miaka mingi kwenye hori hilo, na sehemu kubwa ya eneo ni msitu uliokuwepo na unaolindwa. Nusu hekta haiwezi kulipia ukaguzi wake. Mizinga ya nyuki kando ya mchu, au vijia vya mbao kwa wageni, huingiza kidogo lakini mapema. Na asali ya mchu ivuneni usiku wa maji mafu, msije mkarudi na ndoo vichwani maji yakiwa kifuani.